Hospitali na Aila Zetu

Jamaa zangu, katika kitabu chetu hiki tumezoea kuandika habari za nasaba, za harusi na za wazee waliotangulia mbele ya haki. Mara hii nimependa kuandika habari ya matibabu, kwani bila ya hayo nasaba zetu zingekuwa fupi kuliko zilivyo.

Wengi katika wazee wetu walizaliwa Unguja, na huko dawa za hospitali hazikuwa jambo geni. Pale Mizingani, kuelekea bandarini, limesimama hata leo lile jumba la roshani za mbao ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, likamalizika mwaka 1894, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kwa miaka mingi chini yake palikuwa na zahanati, na watu wa mjini walikwenda kwa miguu yao.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 aila zetu zilitawanyika. Kisha tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos akashika utawala wa Oman, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wengi wetu tukaja Maskati. Nchi tuliyoikuta ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 tu za njia ya lami, na skuli 3, zote za wavulana. Hospitali iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya wamisionari wa Kimarekani huko Matrah, iliyoanza miaka ya 1930, ambako alitibu Dk. Paul Harrison na baada yake Dk. Wells Thoms. Mgonjwa wa bara alipandishwa punda au ngamia, akasafiri siku kadhaa kuifikia. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, zaidi ya 200 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Maana yake ni kuwa mama aliyezaa watano hakustaajabiwa akimzika mmoja.

Wizara ya Afya iliundwa mwaka huo huo wa 1970. Hospitali ya Khoula ikafunguliwa mwaka 1974, na Hospitali ya Kifalme mwaka 1987. Lakini kwa maoni yangu kilichogeuza maisha ya majumbani ni vituo vidogo vya afya vilivyopelekwa mawilayani, pamoja na mpango wa chanjo za watoto ulioanza mwaka 1981. Zamani maradhi ya mtu mmoja yalikuwa maradhi ya nyumba nzima: dhahabu ya mama iliuzwa ili mgonjwa apelekwe Bombay au Karachi, baba aliacha kazi, na binti mkubwa alibaki nyumbani kulea wadogo zake. Kituo kilipokuwa karibu, dhahabu ilibaki sandukuni na binti akenda skuli.

Na sisi tulikuwa na sehemu yetu. Vijana wetu waliokuja na elimu na Kiingereza kutoka Afrika Mashariki walipokewa kazini, na baadhi yao waliingia hospitali, wakiwa makarani, wauguzi na madaktari. Marehemu mama yangu alikuwa na maradhi ya sukari, na Kiarabu alichokijua kilikuwa cha kusomea Kurani tu. Daktari wake alikuwa Mhindi. Siku aliyokutana na muuguzi wa kwetu, aliyemfasiria kwa Kiswahili, alitoka chumbani akisema kuwa ndiyo kwanza ameueleza ugonjwa wake wote.

Matunda yakaonekana. Ilipofika mwaka 2000 vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa vimeshuka chini ya 20 kwa kila 1,000, na mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman ya 8 kati ya nchi 191 kwa uendeshaji wa huduma za afya. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imeushinda ugonjwa wa trakoma, ule uliogeuza kope ndani na kuwapofusha wazee wengi.

Walakini hospitali haiwezi kuingia nyumbani ikafanya kazi ya aila. Ugonjwa wa selimundu upo Oman na upo pwani yetu ya Afrika Mashariki, na sisi ni watu wa kuoana mabinamu. Mtu anaweza kuubeba katika damu bila ya kuumwa hata siku moja. Wakikutana wawili wanaoubeba, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa, na maumivu yake anayajua aliyewahi kumlea. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Basi nawaomba wazee wenzangu: kabla ya kupeleka posa, vijana wapimwe, na majibu yazungumzwe bila ya kuoneana aibu. Wazee wetu walisafiri kwa siku kadhaa kutafuta tiba. Sisi inatutaka tuvuke njia tu.

Wassalaam.