Lita Tano

Tarehe 14 ya kila mwezi, jioni, mzee wangu hataki kuongeleshwa. Anakaa karibu na redio akingoja bei ya mafuta. Utaratibu huu ulianza Desemba 2010, serikali ilipoanza kutangaza bei ya juu kabisa ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuza, na kwa familia inayoishi kwa pikapu, tarehe hiyo ni kama siku ya matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 tulianguka vibaya. Dizeli, Nairobi, shilingi 205.47 kwa lita. Mzee alizima redio akasema, "Hiyo gari tuuze."

Hiyo gari ni Peugeot 504 pikapu, ya dizeli, ile watu wanaita pijo. Mara mbili kwa wiki inabeba viazi kutoka Njabini hadi Marikiti. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa hiyo tangi, mpaka mwaka wa tatu ilipokosa kutosha nikarudi nyumbani. Nilikuwa nasomea historia. Kwa hivyo mzee aliposema tuuze, nilifanya kitu pekee nilichofunzwa kufanya: nikauliza tulifikaje hapa. Injini ya dizeli imesifiwa kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba haili mafuta. Sasa mbona yetu ndiyo inatumaliza?

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, mtoto wa wazazi Wajerumani. Akiwa mhandisi kijana, kitu kilichomkera sana ni hasara. Mashine za mvuke za wakati ule zilichoma makaa ya mawe usiku na mchana, na karibu joto lote lilipotelea hewani. Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo ambalo ni rahisi kulisema lakini gumu kulitenda: bana hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kisha nyunyizia mafuta. Yatawaka yenyewe, bila plagi. Kadiri unavyobana, ndivyo unavyopata kazi zaidi kwa tone lile lile.

Ilimchukua miaka, na injini moja ya majaribio ilimlipukia. Lakini tarehe 17 Februari 1897, mjini Augsburg, profesa Moritz Schröter aliipima injini yake mbele ya watu na kupata kwamba asilimia 26.2 ya nguvu iliyokuwa ndani ya mafuta iligeuka kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke hazikufika hata nusu ya hapo. Ukitaka kujua dizeli ilizaliwa siku gani, ni siku hiyo, na ilizaliwa ikiwa hesabu ya mileji.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua. Diesel hakuanza akiwa anafikiria malori ya tani 30. Alitamani injini ambayo fundi mdogo mwenye karakana yake angeweza kuimudu, ili asimezwe na viwanda vikubwa ambavyo ndivyo pekee vilivyokuwa na pesa za kununua mashine za mvuke. Na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyolitaka jaribio hilo, ikifikiria karanga zinazolimwa kwenye makoloni yake ya Afrika. Yaani tulikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo, ila kama shamba. Diesel alipotea baharini Septemba 1913, akiwa kwenye meli kuelekea Uingereza, huku madeni yakiwa yamemzidi.

Injini yake ilikuwa kubwa mno kwa barabara. Kilichoishusha hadi kwenye gari ndogo ni pampu ya Bosch, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, na ambayo iliweza kupima mafuta machache sana na kuyasukuma kwa nguvu kwa wakati kamili. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D. Mwaka 1959 Peugeot wakatia dizeli kwenye 403. Bado watu wengi hawakujali. Petroli ilikuwa rahisi, na dizeli ilikuwa na kelele na uvivu wa kupanda mlima.

Halafu ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imetoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta Mombasa tangu 1963, lakini mafuta ghafi yenyewe yalitoka nje, kwa hivyo bei ilitufikia kama ilivyo. Ni mwaka huo huo wa 1973 ambapo Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri. Maelfu ya watu wadogo wakaingia kwa biashara ya barabara wakati mafuta yanapanda kuliko wakati wowote waliowahi kuuona. Gari isiyokunywa sana ikawa ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa.

Hapo ndipo 504 iliingia. Ilikuwa imetoka mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ikaunganishwa hapa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pikapu ya dizeli ikawa gari ya mkulima, ya mwenye duka, ya kanisa. Chuma chake kilivumilia barabara, na injini yake ilivumilia mwenyewe.

Lakini injini hiyo ina siri. Haimwagi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Inayamwaga kwenye kichumba kidogo pembeni, yaanze kuwaka humo, kisha moto utoke kwenda kwa silinda. Njia hii ilipunguza kelele na kuwezesha injini ndogo kuzunguka haraka. Bei yake ni kwamba joto jingi linapotelea kwenye kuta za hicho kichumba, na unapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya mafuta, au zaidi kidogo. Magari madogo yalianza kuacha mtindo huo miaka ya mwisho ya 1980; Audi 100 TDI ya 1989 ndiyo iliyofanya watu waone tofauti. Yetu ilibaki upande wa pili wa mpaka huo. Hakuna sumaku ya kufunga kwenye paipu ya mafuta wala chupa ya dawa itakayoibadilisha, na mtu akikuuzia hivyo jua umenunua hadithi.

Kwa hivyo swali langu likawa dogo zaidi: ukiacha kile ambacho injini ilizaliwa nacho, tunapoteza nini sisi wenyewe?

Nikaanza kwa kupima. Mzee alikuwa anapima kwa pesa, "leo imekula elfu nne na kitu", lakini pesa hubadilika kila tarehe 14. Nilimwomba tujaze tangi pomoni. Dizeli hutoa povu, kwa hivyo unajaza, unangoja povu lishuke, unaongeza. Tulienda Marikiti na magunia, tukarudi bila mzigo, tukajaza tena kituo kile kile, pampu ile ile. Kipima kilomita cha gari kilikufa zamani, nikatumia simu. Kilomita 165, lita 21. Chini kidogo ya kilomita 8 kwa lita.

"Zamani ilikuwa inafika kumi na kitu," mzee akasema, kama mtu anayezungumzia marehemu.

Fundi tuliyempata yuko Grogan. Ni Kirinyaga Road kwenye ramani, lakini jina la mjini bado ni la Ewart Grogan, yule mlowezi aliyewachapa Wakikuyu viboko hadharani mwaka 1907 mbele ya mahakama ya Nairobi. Leo ukitaka nozeli ipimwe, unaenda kwa jina lake, unapata wajukuu wa watu wale ndio wanajua injini.

Fundi hakugusa injini kwanza. Aliinua magurudumu ya nyuma akayazungusha kwa mkono. Moja liligoma. Breki ilikuwa inashika kidogo kidogo, pengine kwa miezi, na tulikuwa tunachoma dizeli kuisukuma gari dhidi ya breki yake. Akapima tairi, zote zilikuwa laini. Akatoa filta ya hewa akaigonga chini, likatoka vumbi la Kinangop yote. Dizeli inahitaji hewa kupita kiasi, akasema. Ikinyimwa, mafuta hayaishi kuwaka, yanatoka nyuma yakiwa meusi. "Huo moshi mweusi mnaona mkipanda mlima ni viazi vyenu vinaungua."

Kisha akatoa nozeli nne, akazifunga moja moja kwenye mashine ya mkono na kupampu. Mbili zilitoa ukungu mwembamba. Mbili zilidondosha, kama bomba la maji lililochoka. Tone haliwaki vizuri kama ukungu. Mambo yote aliyoyataka Diesel mwaka 1892 yanaishia hapo, kwenye tundu ambalo huwezi kulipitisha sindano.

Mwisho akafungua pampu, akanyamaza. Ndani kulikuwa na mikwaruzo. Pampu ya aina hii hailainishwi na oili, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Ukiichanganya na mafuta ya taa, ambayo ni membamba, vyuma vinasagana.

"Mzee, mlikuwa mnanunua wapi mafuta?"

Baba aliangalia pembeni. Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba najua. Kwa miaka mingi alinunua kwa mitungi kando ya barabara, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa shilingi kadhaa. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo yaliyopikia na kuwashia taa nyumba za maskini. Pengo hilo la kodi likazaa biashara nzima ya kuchanganya. Septemba 2018 serikali ikaliziba kwa kutoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita, tozo maalum ya kuzuia uchanganyaji.

Tozo hiyo ililinda pampu kama yetu. Sasa rudi kwenye ile jioni ya Oktoba 2023. Dizeli 205.47. Mafuta ya taa 205.06. Tofauti ni senti 41. Ili mtu kama baba asishawishike kuharibu injini yake, mama anayepikia stovu Mukuru alipishwa karibu sawa na lori. Sijui kama kuna mtu alimuuliza.

Nilitaka kumkasirikia baba hapo Grogan. Lakini zile shilingi alizokuwa anaokoa kwa mtungi, naona, ndizo zilizonilipia mihula.

Kazi yote ilimaliza elfu kumi na sita. Breki, filta, nozeli mbili mpya, pampu kurekebishwa, na taimingi kupangwa upya ili mafuta yamwagwe wakati hewa imebanwa inavyofaa. Mzee akatoa ile fremu ya chuma iliyokuwa juu ya kebini bila kazi. Mimi nikamwomba kitu kimoja kigumu: kurudi akiwa kwa kilomita 80 kwa saa, si 100, kwa sababu ukiongeza mwendo upepo haukuzuii kidogo kidogo, unakuzuia kwa pupa. Alilalamika kwamba hata matatu za shule zitampita. Zilimpita.

Tukapima tena kwa njia ile ile. Kilomita 165, lita 16. Kilomita 10 na ushee kwa lita. Lita tano zimerudi nyumbani, zaidi ya shilingi elfu moja kila safari kwa bei ya wakati ule. Kwa safari mbili kwa wiki, gharama ya fundi ilijilipa ndani ya miezi miwili. Gari haikuuzwa.

Ningependa kumalizia hapo, lakini nilisomea historia, na historia inataka uweke hesabu mbili pamoja. Mei 2020, korona ilipoangusha bei duniani, dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 78.37. Miaka mitatu na miezi michache baadaye ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya hapo. Katikati, kiwanda cha Mombasa kilikuwa kishaacha kusafisha mafuta tangu 2013, dola ilikuwa imepanda, na Julai 2023 kodi ya VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Sisi, kwa spana, jeki na adabu ya mguu wa kulia, tulipunguza matumizi kwa karibu robo. Bei ilipanda kwa zaidi ya asilimia 160.

Hakuna nozeli inayoweza kufunika pengo hilo. Kila mara bei ilipopaa, 1973 au 2023, aliyeambiwa abane matumizi ni yule mwenye gari moja. Akibana, anasifiwa kwa ujanja. Akishindwa, anaambiwa gari lake ni kuukuu.

Bado nasema upime, ungoje povu lishuke, uzungushe magurudumu kwa mkono. Lita tano ni zetu na hatuziachi. Ila tarehe 14 ikifika, mimi na mzee sasa tunakaa pamoja kwa redio, na baada ya bei kusomwa nachukua daftari la kilomita naandika namba mbili kando kando: yetu, na yao.