Baada ya Redio Kuzimwa

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinisomea, kutoka kwenye simu yake, habari ya majani yanayodaiwa kutibu kipindupindu kwa siku moja. Nilimwuliza ameitoa wapi. Akajibu, "Inasambaa, Mwalimu." Jibu hilo lilinikumbusha mwaka 1973, ambao huufundisha kila mwaka.

Wakati ule chombo chepesi kilikuwa redio. Ilimfikia asiyejua kusoma, ikavuka mito isiyo na madaraja. Walioandaa kampeni ya Mtu ni Afya wangeweza kutangaza vipindi na kuhesabu kazi imekwisha. Hawakufanya hivyo. Walifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wakachapa vitabu, na watu wazima takriban milioni mbili wakakutana kila wiki kwa majuma 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kisha kikasomewa sura ya kitabu kwa sauti, kikajadili malaria, kichocho au kuhara, na mwisho kikajiuliza: sisi hapa tufanye nini? Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka kando ya nyumba vikafyekwa.

Somo ninalolipata hapo si kwamba redio ilikuwa bora kuliko simu. Redio peke yake ingepita masikioni kama upepo. Ubora ulitokana na kile kilichofuata baada ya redio kuzimwa: kitabu cha kulinganishia, jirani wa kubishana naye, na uamuzi wa pamoja.

Hata hivyo, tusiupambe wakati ule kupita kiasi. Novemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba wakulima wote wawe wamehamia kabla ya mwisho wa 1976. Safari hii hakuna kikundi kilichopewa kitabu wala majuma 12 ya kujadili. Wengi walihamishwa kwa nguvu, na baadhi ya nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto. Dola iliyojua namna ya kumshirikisha mwananchi katika kuchimba choo haikumshirikisha katika kuchagua pa kuishi. Amri ni njia rahisi ya kupasha habari, kwa kuwa haisubiri swali.

Ndugu zangu watumishi wa umma, waraka unaotumwa kwenye kundi la simu saa tano usiku nao hausubiri swali. Alama inayoonyesha kuwa umesomwa haithibitishi kuwa umeeleweka. Nanyi wanafunzi, wepesi wa kusambaza habari usiwaondolee wajibu wa kuipima.

Yule kijana nilimtuma aende zahanati akamwulize mganga kuhusu majani yale, kisha aje atueleze. Alirudi baada ya siku mbili, akiwa na maelezo ya maji ya chumvi na sukari, na ya kumwahisha mgonjwa hospitalini. Darasa zima lilimhoji kwa saa nzima. Habari ile ya majani hakuisambaza tena.