Kichwa cha Van Dyck na Mkono wa Neeffs

Anthony van Dyck, mchoraji wa Antwerp aliyefariki London mwaka 1641, aliacha bamba la shaba lenye kichwa chake tu. Alilipaka bamba hilo nta, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba palipokwaruzwa. Mistari ikatoka myepesi kama ya kalamu, na sehemu kubwa ya karatasi ikabaki nyeupe. Palipotakiwa kivuli mistari ilisongamana, na mashavuni viliwekwa vitone. Maana katika kazi hii hakuna rangi ya kijivu. Wino ni mweusi, karatasi ni nyeupe, na jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya.

Mwaka 1645 Gillis Hendricx alichapa mkusanyo wa picha 100 za wakuu, wanazuoni na wasanii wengi. Kwa ukurasa wa mwanzo alilitumia bamba lile lile. Jacob Neeffs akakigeuza kichwa kuwa sanamu juu ya nguzo yenye maandishi, akaujaza weupe kwa mistari iliyopimwa ya patasi. Mtu aliyekuwa akigeuka kutazama akawa jiwe la ukumbusho. Neno letu sura hubeba uso na umbo pamoja. Hapa uso ni wa Van Dyck, umbo ni la Neeffs.

Wako waliosema kwamba bamba la kwanza halikukamilika. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani hata Pieter Brueghel Mdogo alichorwa mwili kwa mistari michache. Nakala zilizotangulia mkono wa Neeffs ni adimu, nazo ndizo zilizotukuzwa na wachoraji wa karne ya 19 waliofufua kazi ya tindikali.