Kitabu cha Seyyid Said Kikae Rafu Gani?



Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mpango wa kupanga maktaba kwa nambari. Elimu yote aliigawa mafungu 10. Dini alizipa fungu la 200. Ukristo ukachukua sehemu kubwa, na Uislamu ukapata nambari moja tu, 297. Historia iko katika 900, ambamo Zanzibar leo ni 967.81 na Omani ni 953.53.

Mtihani uko hapa. Seyyid Said bin Sultan alitawala Maskati na Unguja pamoja mpaka alipofariki 1856, na mwaka 1861 dola ikagawanywa rasmi baina ya wanawe, Thuweni na Majid. Je, kitabu cha habari zake kiwekwe wapi? Kikiwa 953.53, kijana wa Unguja anayetafuta historia ya mikarafuu yetu hatakiona. Kikiwa 967.81, msomaji wa mambo ya Omani atakikosa. Na kitabu kimoja hakikai rafu mbili.

Dawa yake ni orodha. Kitabu kikae pale penye uzito wa maelezo yake, lakini kiandikwe katika orodha chini ya Zanzibar na chini ya Omani pia, iwe ni kwa kadi au kwa kompyuta.

Basi sisi tunaopeleka vitabu skulini, tusiishie kwenye kukabidhi maboksi. Tumsaidie na mkutubi kuviorodhesha. Kitabu kisichoonekana hakimfai mtoto yeyote.