Kunakili faili bila kuvunja mpangilio wa folda

Ni kunakili faili kwa amri za kuandika, huku folda zake zikiundwa upya kule zinakokwenda, kwa majina na ngazi zilezile.

Tuchukue kumbukumbu zilizopangwa kwa mipaka ya utawala. Kaunti ya Kwale ina maeneo bunge 4 (Matuga, Msambweni, Lungalunga na Kinango) na wadi 20. Tuseme picha za visima zimewekwa ndani ya kwale/msambweni/kinondo na kwale/lungalunga/vanga. Kamera huzipa picha namba hadi 9999, kisha huanza upya, kwa hiyo DSC_0412.JPG inaweza kuwapo kwenye folda zote mbili. Zikimwagwa mahali pamoja, ya Vanga itafuta ya Kinondo. Hata zisipofutana, kisima hakijulikani tena ni cha wapi, maana jina la wadi lilikuwa kwenye folda tu.

Katika Linux, cp -r hunakili folda na vyote vilivyomo. Amri cp -a huhifadhi pia tarehe, mmiliki na ruhusa, ingawa flashi za FAT32 au exFAT hazitunzi hayo mawili ya mwisho. Kazi ipo mtu anapotaka faili moja tu pamoja na njia yake:

cp --parents kwale/lungalunga/vanga/DSC_0412.JPG /media/flashi/

Bila --parents, picha ingetua kwenye flashi peke yake. Chaguo hili halimo katika cp ya Mac. Huko amri ya tar hufaa. Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hutumia -R kwa kazi hiyohiyo. Wengi hukwama kwenye mkwaju (/) wa mwisho: rsync -a kwale/ hupeleka yaliyomo tu, lakini rsync -a kwale hubeba na folda yenyewe.

Kwenye Windows, copy haigusi folda za ndani. Amri xcopy /s huacha folda tupu, /e huzichukua, na /t /e hujenga folda bila faili, njia nzuri ya kuandaa wadi zote 20 kwa mwaka mpya. Robocopy /e ndiyo imara zaidi, ila lengo liandikwe kamili, E:\kwale, la sivyo yaliyomo yatatawanyika kwenye E:\. Kuhusu /mir, tahadhari: hufuta kwenye lengo kila kisichokuwapo kwenye chanzo. Iongezewe /l kwanza, itaje itakachofanya bila kukifanya.