AFYA YA UMMA: Choo cha jirani ni kinga yako

WENGI wetu tukisikia neno afya, fikira hutupeleka moja kwa moja hospitalini: daktari, sindano, vidonge na bili. Hata hivyo, Katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, hueleza dhana hiyo kwa mapana zaidi. Afya ni hali ya mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu.

Ikiwa hivyo ndivyo, hospitali ni kituo cha mwisho katika safari inayoanzia nyumbani, shuleni, sokoni na kisimani.

Mnamo Novemba 1986, wajumbe waliokutana jijini Ottawa, Kanada, walitoa Mkataba wa Ottawa, ambao hadi leo ndio msingi wa uhamasishaji wa afya. Mkataba huo husema uhamasishaji ni kuwawezesha watu kuidhibiti na kuiboresha afya yao wenyewe. Unataja nguzo tano, nazo hudhihirika vyema tukitazama ugonjwa wa kipindupindu.

Kipindupindu huenezwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye bakteria za ugonjwa huo. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili zozote, ilhali kinyesi chao huendelea kutoa viini kwa siku kadhaa. Ndiposa aliyechimba choo kizuri na kuchemsha maji yake hayuko salama iwapo jirani yake hujisaidia kichakani karibu na kisima wanachokitegemea wote.

Nguzo ya kwanza ni sera zinazojali afya. Anayeidhinisha ujenzi wa nyumba za kupangisha zisizo na vyoo vya kutosha huamua nani ataugua, ingawa hafanyi kazi katika wizara ya afya.

Ya pili ni mazingira yanayofaa. Ni kazi bure kumhimiza mama anawe mikono iwapo hununua kila mtungi wa maji kwa pesa ambazo angenunulia unga.

Ya tatu ni hatua za jamii yenyewe. Wanakijiji wanaochagua kamati ya kulinda kisima, kukizungushia ua na kukifunika, huzuia maradhi kabla ya gari la wagonjwa kuitwa.

Ya nne ni maarifa ya mtu binafsi. Kila mlezi hana budi kujua kwamba anayeharisha anahitaji kurudishiwa maji mwilini mara moja. Pakiti za chumvi maalumu za kurejesha maji zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mgonjwa anywe mchanganyiko huo akiwa njiani kupelekwa kituoni, kwa kuwa kipindupindu kikali huweza kuua kwa muda wa saa chache.

Ya tano ni kuelekeza upya huduma za afya, ili zishughulikie kinga badala ya kungoja wagonjwa. Nchini Kenya, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi Septemba 2023 kwa kazi hii ya kuzuru familia nyumba kwa nyumba.

Je, jukumu ni la nani?

Baadhi ya viongozi hupenda kuwalaumu wananchi kwa uchafu kila maradhi yanapozuka. Wananchi nao huitupia serikali lawama zote. Pande zote mbili husema nusu ya ukweli.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, usafi wa kiwango kinachofaa, pamoja na maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne hukabidhi serikali za kaunti huduma za afya za kaunti, uzoaji taka, na huduma za maji na usafi. Kwa hivyo, mwananchi anayeuliza bajeti ya maji imetumiwaje haombi hisani.

Hata hivyo, haki hiyo haimwondolei mtu wajibu wake. Bomba likishafika, ni watumiaji watakaolilinda lisitobolewe. Choo kikishajengwa, ni wapangaji watakaokisafisha. Mwenye ploti naye hawezi kupokea kodi na kufumbia macho shimo lililojaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kaunti ilete maji, mwenye nyumba ajenge choo, mzazi afunze mtoto kunawa kwa sabuni, na mhudumu abishe hodi mapema. Mmoja wao akilegea, viini vya ugonjwa havitabagua nyumba ya kuingia.