Hesabu ya jioni: nusu karne ya lengo moja katika matatu za Kibera na Kawangware

Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza kuwawekea wakuu wa mashirika yake malengo yanayopimika, na mashirika 16 yakatia saini kandarasi za utendakazi. Wenye matatu walikuwa wametangulia zamani. Dereva na makanga wanaotoka Kawangware au Kibera kwenda katikati ya jiji hawahitaji semina ili wajue lengo lao la siku. Wanalijua kabla injini haijawaka: ni hesabu, kiasi cha pesa ambacho sharti kimfikie tajiri, yaani mwenye gari, jioni, mvua inyeshe au isinyeshe.

Kwa vipimo vya wataalamu wa usimamizi, hesabu haina kasoro. Peter Drucker alipoandika mwaka 1954 kwamba meneja afanye kazi kwa malengo, na George Doran alipoongeza mwaka 1981 kwamba lengo liwe mahususi, lipimike na liwe na muda, ungedhani wote wawili walikuwa wamepanda matatu ya nambari 46 ya Kawangware. Hesabu ni tarakimu moja, kila mhudumu garini anaijua, na muda wake unakwisha usiku uleule. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotuletea magari yanayopanda kando ya barabara, makanga wanaowashusha abiria nusu ya safari, na wamiliki wanaofilisika huku wanapokea pesa kila jioni.

Mitaa iliyosahauliwa na basi

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles. Kawangware, upande wa Dagoretti, iliingizwa katika mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Baada ya uhuru, mitaa hii miwili iliwapokea maelfu waliokuja kutafuta kazi na ambao kodi ya mitaa mingine iliwashinda. Kazi zenyewe zilikuwa mbali: Industrial Area, katikati ya jiji, au katika nyumba za matajiri wa Kilimani na Lavington.

Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba abiria jijini, na mwaka 1966 Baraza la Jiji likachukua asilimia 25 ya hisa zake. Mabasi yake yalifuata lami na ratiba. Mtu wa ndani ya Kibera alitembea hadi barabarani, na wengi walimalizia safari nzima kwa miguu. Pengo hilo lilijazwa na magari makuukuu yaliyobeba watu kinyume cha sheria, yakikimbizana na polisi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na biashara ya magendo ikawa biashara halali.

Miaka miwili kabla ya hapo, Tume ya Ndegwa ya 1971 ilikuwa imekubali watumishi wa umma wafanye biashara zao binafsi. Mambo hayo mawili yalipokutana, mwenye gari alitengana na gari lake. Awali wengi waliendesha wenyewe. Sasa mwalimu, karani au afisa wa polisi angeweza kununua matatu, akaikabidhi kwa dereva, kisha akaenda kazini kwake kutwa nzima.

Atajuaje gari limebeba watu wangapi? Tiketi hazikuwapo. Nauli ilipanda mawingu yakitanda na kushuka saa nne asubuhi watu walipopungua. Abiria walipanda na kushuka popote. Hapakuwa na daftari ambalo angelifungua jioni na kuliamini. Jibu lililopatikana lilikuwa kukadiria: niletee kiasi hiki, kinachobaki ni chenu.

Shilingi ya mwisho

Tuchukue mfano wa gari la viti 14. Tuseme tajiri anataka Sh3,000, mafuta ya siku ni Sh2,500, na ada za kituo (stage) na za Sacco, chama cha ushirika cha wenye magari, ni Sh500. Jumla ni Sh6,000 kabla dereva na makanga hawajajihesabia hata senti. Kama nauli ni Sh50, gari likijaa linaingiza Sh700 kwa safari moja. Safari nane zinafika Sh5,600, hazitoshi. Ni katikati ya safari ya tisa ndipo wahudumu wanapoanza kujifanyia kazi wenyewe.

Tazama sasa foleni ya Ngong Road ikiwanyang'anya safari mbili. Hesabu haipungui, wala bei ya mafuta. Kinachopungua ni chakula cha nyumbani kwa watu wawili. Ndiyo maana saa moja usiku, pale Kawangware 46, utamwona makanga amekunja noti kwa urefu, kila aina katikati ya vidole vyake, akizipitia kwa kidole gumba huku anaita abiria. Anajua bado mia ngapi. Dereva naye anamtazama kwenye kioo. Kama hesabu haijatimia, gari litapita njia za ndani zenye mashimo ili kukwepa foleni. Kama imetimia mapema, huenda likakabidhiwa skwadi, dereva wa kibarua atakayelizungusha hadi usiku wa manane.

Kuna kitu kimoja ambacho mapatano hayo hayakukigusa. Mafuta yalilipwa na wahudumu kutokana na nauli, lakini matengenezo yalimhusu tajiri. Shimo lililovunja springi halikupunguza chochote katika mfuko wa dereva. Tajiri alipima kilichoingia jioni, hakupima kilichoharibika mchana. Gari likaleta hesabu siku sita, siku ya saba likaenda gereji na kumeza pesa za wiki.

Sheria ya 1984 ilizirudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi, na miaka ya 1990 magari madogo ya viti 14, yanayoitwa Nissan hata yakiwa Toyota, yakatawala barabara. Hakuna kati ya hayo lililogusa mapatano ya tajiri na dereva. Mitaa iliendelea kukua, magari yakaongezeka, na hesabu ikapanda pamoja nayo.

Watano wa Kibera

Wakati huohuo, ndani ya Kibera kulizaliwa mtindo mwingine wa kupima kazi. K-Rep, shirika lililoanza mwaka 1984 kwa ufadhili wa Marekani, lilikuwa likiwafikia wenye biashara ndogo kupitia mashirika mengine, na marejesho yalikuwa hafifu. Mwaka 1990 liliamua kukopesha lenyewe. Mpango huo uliitwa Juhudi, na mahali pa kuanzia palikuwa Kibera.

Mfumo ulitoka Benki ya Grameen ya Bangladesh, lakini majina yalikuwa ya hapa. Wafanyabiashara watano wanaojuana waliunda kikundi kilichoitwa watano. Vikundi kama hivyo hadi sita viliungana kuwa KIWA, yaani Kikundi cha Wanabiashara. Walikutana kila wiki, wakaweka akiba kwanza, kisha wakakopeshwa kwa zamu. Aliyeshindwa kulipa alizuia mikopo ya wenzake, kwa hiyo wenzake walikuwa na sababu ya kumtembelea kibandani kabla mambo hayajaharibika.

Hapo pia palikuwa na tarakimu na tarehe, kama katika matatu. Tofauti ilikuwa mahali pa kuhesabia. Pesa zilihesabiwa mezani, mbele ya watu wanaojua kwamba mauzo ya mboga huanguka mvua ikizidi na kwamba Januari karo humaliza mtaji. Lengo halikuwa siri ya watu wawili. Na mkutano wa wiki ulipima zaidi ya rejesho: nani amehudhuria, nani ameweka akiba, biashara ya nani imeyumba.

Mtindo huo ulikuwa na ukali wake. Dhamana ya pamoja huwafanya wanachama wachague wenzao kwa makini, na asiye na mtaji wala jamaa wa kumtetea hubaki nje. Mikutano nayo inakula saa za kazi. Lakini vikundi vya watano vilifika mbali: mwaka 1999 K-Rep ilipewa leseni ya benki, shirika la kwanza la mikopo midogo nchini kugeuka benki ya biashara. Tangu 2016 benki hiyo inaitwa Sidian.

Mikanda ilihesabika, mishahara haikuhesabika

Sheria ilirudi barabarani kwa kishindo. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni mwaka 2003 zilizoanza kutumika Februari 1, 2004. Kila abiria akae kwenye kiti na afunge mkanda. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kifungwe. Gari lipigwe mstari wa njano, wahudumu wavae sare. Katika orodha hiyo lilikuwamo sharti ambalo wengi wamelisahau: dereva na makanga waajiriwe kwa kudumu.

Sharti hilo ndilo lililolenga mzizi. Mwenye mshahara wa mwezi hana haja ya kukimbiza safari ya tisa. Lakini afisa wa polisi akisimamisha gari kwenye Ngong Road anaweza kuhesabu mikanda na kutazama sare. Hawezi kuhesabu mshahara. Vinavyoonekana vilitekelezwa, angalau kwa muda, na kisichoonekana kikabaki kwenye karatasi.

Baadaye serikali ikataka magari yote yawe ndani ya Sacco au kampuni, na kanuni za 2014 zikaweka kiwango cha chini cha magari 30 kwa kila mwendeshaji. Sacco zilileta nidhamu ya zamu kwenye stage na akiba kwa wamiliki. Kwa wahudumu wengi, hesabu ilibaki palepale, ikiongezewa ada ya Sacco juu yake.

Jaribio jingine lilikuwa nauli bila pesa taslimu. Google na Benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay mwaka 2013, na serikali ikaagiza kwamba ifikapo Desemba 1, 2014 kila matatu ipokee nauli kwa kadi. Abiria wengi hawakuwahi kuiona mashine ikifanya kazi. BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Kadi ingemwonyesha tajiri mapato yote ya siku, na hapo kinachobaki baada ya hesabu, ambacho ndicho mshahara wa wahudumu, kingekuwa mali ya kujadiliwa. Hakuna aliyewaeleza wangelipwa nini badala yake, nao wakaendelea kupokea noti.

Mwenye gari alipoweza kuona

Ushahidi bora kuhusu hesabu ulitoka kwa watafiti watatu, Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer. Waliweka vifaa vya kufuatilia magari katika matatu 255 za Nairobi, kisha wakawapa baadhi ya wamiliki programu ya simu iliyowaonyesha gari lilikokwenda na lilivyoendeshwa. Wengine hawakupewa.

Wamiliki walioweza kuona walibadilisha mapatano yao na madereva. Madereva nao wakatia bidii zaidi na kupunguza uendeshaji unaoliumiza gari. Gharama zikashuka, faida ikapanda, na biashara hizo zikaweza kupanuka. Kwa miongo mingi tajiri alidai pesa nyingi kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kudai. Alipopata kipimo cha pili, alidai kwa busara zaidi.

Barabara za pande hizi zimebadilika mno. Ngong Road imepanuliwa, na njia mpya imepasua Kibera baada ya nyumba kubomolewa Julai 2018. Mapatano ya jioni hayajabadilika kiasi hicho, na hayako kwenye matatu pekee. Bodaboda nyingi hukodishwa kwa hesabu ya siku, na mtindo huo umeenea hata kwa wenye mikokoteni.

Lengo linalopimika ni jambo jema, na hakuna biashara inayosimama bila tarakimu. Kosa la hesabu ni kwamba iko peke yake, imewekwa na mtu asiyekuwapo, na hasara yote ya siku mbaya inamwangukia asiye na uwezo wa kuizuia. Juhudi ya Kibera ilionyesha kuwa watu huheshimu kipimo walichokubaliana mbele ya wenzao. Utafiti wa matatu ulionyesha kuwa kipimo cha pili humsaidia hata tajiri mwenyewe.

Basi mwenye gari, au mwenye duka, au kiongozi wa kikundi chochote Kawangware, Kibera na kwingineko, aanze na kikao kimoja. Akae na wanaomfanyia kazi, waandike pamoja tarakimu tatu: pesa zinazoingia, pesa zinazokwenda gereji, na malalamiko ya wateja. Wakubaliane hesabu ipungue kiasi gani siku ya foleni au mvua, na wafanyakazi wapate sehemu ya kila shilingi itakayookolewa kwenye matengenezo. Asiyetaka kuipima gereji ataendelea kuilipa.